Spana ya Mama Joviana

Mama yangu, Joviana, ana miaka sitini na saba na sijawahi kuona kifaa chenye mpini kikimshinda. Jembe, panga, mchi, mwiko, vyote vinamtii. Kilichokuja kumshinda ni kitu kisicho na mpini hata kidogo: tanki jeupe la choo, lenye kitufe juu ya mfuniko, lililokuwa likilia shii mchana kutwa na usiku kucha ndani ya nyumba yake kule Ijumbi, Muleba. Alinipigia simu siku ya Alhamisi, mwezi wa saba mwaka jana.

"Renatha," alisema, "hiki chombo chenu kinakojoa kama ng'ombe mgonjwa."

Alisema "chenu" kwa sababu mimi na mume wangu, Josia, tuna duka la vifaa vya bomba pale Bakoba, Bukoba mjini. Mimi nauza, yeye anakwenda kwa watu kufunga. Kwa hiyo kwa Mama, kila choo cha kuflashi kinachoharibika mkoa mzima wa Kagera ni kosa langu.

Choo chenyewe kilikuja kwa matatizo. Mwezi wa pili Tata, yaani baba yangu, mzee Mushumbusi, aliteleza kibanjani, shambani kwetu kwenye migomba, akiwa na mkungu wa ndizi begani, akavunjika nyonga. Akafanyiwa upasuaji, akapewa fremu ya chuma ya kutembelea, na daktari akamwambia asichuchumae tena maisha yake yote. Choo chetu cha siku zote kilikuwa cha shimo, mwisho wa kibanja, nyuma ya mibuni. Ndipo kaka yangu Joackim, anayeishi Mwanza, akatuma fundi akajenga choo cha kukaa ndani ya nyumba, ubavuni mwa chumba cha wazazi. Maji yake yanatoka kwenye tanki kubwa la mvua lililoko nje, juu ya mnara wa matofali. Mama alikaa siku tatu akikitazama bila kuingia. Nyumba wanamolala watu kuwekwa choo, kwake ilikuwa sawa na kufuga nguruwe sebuleni. Lakini Tata alikuwa anakwenda mwenyewe, anafunga mlango mwenyewe, anabonyeza mwenyewe, anatoka kichwa juu kama mwenyekiti wa kijiji aliyepita bila kupingwa. Mama akakikubali.

Kisha kikaanza kuvuja. Ilikuwa kiangazi, mvua hakuna, na maji ya kuflashi yakawa yanashuka chooni saa zote hata kama hakuna aliyebonyeza. Tanki la nje likapungua nusu kwa wiki mbili. Fundi aliyekijenga alikuwa ameshakwenda Geita kutafuta dhahabu, na simu yake haipatikani mpaka leo. Mama akaamua kufunga koki ya nje, kwamba Tata akitaka kwenda, amwite mtu atoke nje amfungulie au amfuate na ndoo. Tata akasema mwanaume aliyesomesha watoto wanne kwa kahawa hafuatwi na ndoo. Akaanza kupunguza chakula, na chai akawa anaiacha, ili asiwe na sababu ya kwenda.

Joackim aliposikia hayo akatoa amri kwa simu. Jumapili anakuja na gari. Akikuta choo kinafanya kazi, sawa. Akikuta hakifanyi kazi, anamchukua Tata aende kuishi kwake Mwanza, ambako vyoo ni viwili na maji hayakatiki. Mama naye alikaribishwa. Alijibu kwamba yeye haendi popote, kahawa iko juani, ng'ombe ana mimba, na hakuna kitu alichosahau Mwanza. Sasa hawa watu wameoana miaka arobaini na minne. Hawajawahi kulala mbalimbali isipokuwa Tata alipokuwa hospitali, na hata huko Mama alilala sakafuni, pembeni ya kitanda, siku kumi na moja. Nilipokata simu nilikuwa nimekasirika sana, na sikujua nimkasirikie nani: kaka yangu, choo, au ile nyonga. Mimi nikikasirika huwa nafunga duka. Jumamosi alfajiri nililifunga, tukapanda pikipiki na Josia, mimi nyuma nimekumbatia mfuko wa vifaa vipya, tukashika barabara ya Muleba.

Hapo ndipo penye kasheshe, na lazima nieleze habari ya mkwe. Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani. Ni heshima. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, wengine wanapiga hata picha wamekumbatiana, lakini Mama hajalegeza hata uzi mmoja. Miaka kumi na moja tangu nimeolewa, yeye na Josia hawajawahi kupeana mkono wala kutajana majina. Josia akiingia sebuleni, Mama anatokea jikoni. Wakipishana njiani, mmoja anaingia migombani. Salamu zao zinapita kwangu: Mama ananiuliza kama "mwenzako" ameamka salama, huku mwenzangu akiwa upande wa pili wa ukuta anasikia kila kitu. Na msidhani hawapendani. Kila Krismasi jogoo mkubwa kuliko wote huteremshwa Bakoba, na mimi hukumbushwa kwamba si wangu.

Kwa hiyo tulipofika, baada ya kupewa kahawa ya kutafuna na kukalishwa, Mama akanivutia jikoni.

"Umemleta wa nini huyu?"

"Kutengeneza choo, Mama. Ndiyo kazi yake."

"Mkwe wangu aingize mkono pale ninapokaa mimi? Nitamtazamaje?"

"Mama, kwani humtazami hata sasa."

Alinitazama mimi kwa jicho ambalo lingeweza kumenya ndizi. Nikamwambia kesho ni Jumapili. Alikuwa anafuta mikono kwenye kitenge, anafuta tena, ingawa ilikuwa mikavu. Nikajua anajua.

Ni Josia aliyepata njia, na hilo nampa. Alisema yeye hataingia ndani kabisa. Atasimama nje, ukutani, chini ya kidirisha cha choo, ameupa ukuta mgongo, uso kibanjani. Atasema la kufanya, mimi nitafanya. Mama akafikiri, akakubali, kwa sharti kwamba asigeuke. Tata, ambaye alikuwa amekalia kiti chake barazani karibu na mnara wa tanki, akasema tangu apate akili hajawahi kuona choo kikitengenezwa kwa kutazama migomba.

Josia akafunga koki ya nje, kwa sababu ile ndogo ya ukutani kule ndani ilikuwa imekwama. Akaenda kusimama mahali pake. Nikaingia na spana na ndoo, Mama akasimama mlangoni kunilinda dhidi ya sijui nini.

"Mama Koku," Josia akaniita kutoka dirishani, kwa jina la binti yetu, "bonyeza maji yote yaishe, halafu inua mfuniko uniambie unaona nini."

Nikabonyeza, nikainua. Ndani, juu ya boya, ilikuwa imelala chupa ya nusu lita imejaa maji, imefungwa uzi mwekundu shingoni. Boya ndilo linalopanda na maji na kuyakata tanki likijaa. Likilaliwa na chupa haliwezi kupanda vizuri, na lisipopanda, maji hayana wa kuyazuia. Nikamgeukia Mama. Mama akatazama dari.

"Hii ni nini?"

"Maji ya baraka. Padri mwenyewe aliyabariki."

"Kwenye tanki la choo?"

"Tata yako ameshaanguka mara moja," akasema kwa sauti ndogo. "Nani atamwangalia humo akiwa amefunga mlango?"

Nje Josia akauliza tena ninaona nini. Nikamwambia boya limekwama. Akauliza limekwamishwa na nini. Mama akanitikisia kichwa kwa nguvu, hapana, hapana.

"Limekwama kwa sababu za kidini," nikasema.

Nikasikia mabega ya Josia yakigonga ukuta. Alikuwa anacheka bila sauti. Mama akaichukua chupa yake, akaifuta, akaiweka dirishani ilinde kutokea pale. Lakini mkono wa boya ulikuwa umeshapinda, na mpira wa chini unaoziba tundu la kuflashia ulikuwa umechanika ukawa kama ganda la maharage. Josia akasema tutabadilisha vyote, vipya vimo mfukoni.

Nikaanza kufungua nati ya chini ya tanki, pale paipu inapoingilia. Kile chumba ni kidogo, ukiinama kisogo kinagusa ukuta. Nilizungusha spana, ikateleza. Nikazungusha, ikateleza. Sasa mama yangu hawezi, narudia, hawezi kusimama akitazama mtu anafanya kazi polepole. Akiona mtu anamenya ndizi kwa kujivuta, anapokonya kisu. Nilisikia anapumua nyuma yangu kama mtu anayepuliza moto, kisha mkono ukapita begani kwangu na spana ikaondoka.

"Toka. Unakibembeleza."

Nikatoka. Akaingia, akapandisha kitenge, akapiga goti moja pembeni ya choo kama anayeingia kanisani, akashika nati. Ikalia kwee, ikatii.

Kuanzia hapo kazi ikawa na watu watatu. Josia nje anasema, mimi mlangoni narudia, Mama ndani anafanya. Ajabu yake ni kwamba kidirisha kilikuwa juu ya kichwa cha Mama, na sauti ya Josia ilimfikia yeye kabla yangu. Alisikia kila neno, lakini hakuwa amesikia mpaka niseme mimi.

"Mwambie Mama ageuze nati kushoto," Josia anasema.

Mama ananitazama, anasubiri.

"Geuza kushoto, Mama."

"Ahaa, kushoto," anasema, kana kwamba ndiyo habari mpya. "Mwambie mume wako nilishageuza."

"Amesema ameshageuza."

"Mwambie asante."

"Amesema asante."

"Mwambie asinishukuru, aseme kinachofuata."

Tuliendelea hivyo kama bunge. Nilianza kucheka na nikashindwa kuacha, na kila nikicheka wote wawili wananikaripia, mmoja kwa dirisha na mwingine kwa macho. Mama akatoa boya la zamani, akaligeuza geuza mkononi. Akauliza, kwa njia yangu, ni nani aliyelifikiria jambo hili, maji kujifungia mlango yenyewe. Josia akasema, kwa njia yangu, kwamba hajui, lakini ni mtu aliyechoka kuamka kufunga koki. Mama akacheka. Nadhani huo ulikuwa mzaha wa kwanza Josia kumwambia, na alimwambia akiwa ameitazama migomba.

Mama akalegeza paipu kutoka kwenye tanki, akaishika mkononi wazi, akaiinamia kuchungulia ndani yake kama kuna uchafu. Na mimi nilikuwa nimeinama mfukoni kutafuta boya jipya. Kumbe barazani Tata alikuwa amemaliza kutafuna kahawa na anataka kunawa. Bomba la kunawia liko pale pale chini ya mnara. Akalifungua, maji hayatoki. Akainua macho, akaona koki kubwa imefungwa. Wiki nzima alikuwa akipigiwa kelele kuhusu koki hiyo: imefungwa, imefunguliwa, nani ameifunga. Akasema moyoni wamesahau tena. Akajiinua kwa fremu yake, akaifungua mpaka mwisho.

Maji yalimpiga Mama usoni. Yakaenda darini, yakarudi, yakanipata mimi, yakailowesha picha ya Mtakatifu Yosefu iliyoko korido. Mama alijaribu kuziba paipu kwa kidole gumba, akatengeneza manyunyu. Akaiziba kwa kiganja, maji yakapitia ubavuni yakamwingia kwenye mkono wa gauni yakatokea shingoni. Na akapiga kelele iliyofika nyumba ya tatu:

"Josia, funga koki!"

Josia aliniambia baadaye kwamba hakuelewa mara moja. Miaka kumi na moja hajawahi kusikia jina lake katika sauti ile, na lilimpiga kuliko maji yalivyompiga Mama. Alisimama tu. Kisha akatoka mbio kuzunguka nyumba, ndala moja ikabaki kwenye majani, akaruka kahawa iliyoanikwa, akamkuta Tata ananawa taratibu, ameridhika, akiufurahia mkondo mzuri wa maji. Josia akaning'inia kwenye koki kwa mikono miwili mpaka ikafunga.

Yakabaki matone tu. Mama alikuwa amekaa sakafuni, kilemba kimeteremka mpaka kwenye sikio, paipu bado mkononi ameielekeza juu. Nilidhani analia. Nikamwinamia. Alikuwa anacheka kicheko kisicho na sauti, kile cha tumbo, machozi yanachanganyika na maji, na alipojaribu kusema kitu akashindwa akanipiga piga begani. Nikakaa naye kwenye maji. Nje Josia akaanza, akicheka kama anayekohoa, na Tata akawa anauliza kwa sauti ya kulalamika kwani kuna nini, mtu kunawa mikono kwake ni kosa. Swali hilo lilitumaliza kabisa.

Alipopata pumzi Mama akajifunga upya kilemba.

"Mwambie mume wako nilimwita kwa dharura," akasema. "Asizoee."

"Mwambie Mama nimeelewa," Josia akajibu, naye amesharudi ukutani na ndala moja.

Boya jipya alilifunga mwenyewe. Mtambo wa kuflashi nao alielekezwa: shika katikati, kandamiza, zungusha robo, utatoka. Akaung'oa. Akapachika mpya na mpira wake mweusi unaong'aa, akasikia ukisema ka, akarudia kuuzungusha ili asikie tena ka. Tata akaambiwa sasa fungua, na kwa sababu safari hii alikuwa ameagizwa, akafungua kwa madaha. Maji yakapanda ndani ya tanki, boya likapanda nayo, polepole, Mama ameinama juu yake pua karibu iguse, na kwenye alama ile ile aliyoambiwa na Josia, yakakata. Hakuna shii. Hakuna hata tone. Tukasikia ng'ombe nje anacheua.

Mama akabonyeza. Yakashuka, yakajaa, yakakata. Akabonyeza tena. Mara ya tano Josia akaniomba nimkumbushe Mama kwamba ni kiangazi. Mama akasema amesikia, na hakusubiri nirudie.

Joackim alifika Jumapili saa sita mchana, akitokea Biharamulo alikolala. Alikuwa amekilaza kiti cha mbele cha gari, ameweka mito miwili na blanketi kwa ajili ya nyonga ya Tata. Alimsalimia kila mtu akataka kwenda moja kwa moja kukagua choo, Mama akamwambia kaa ule, choo si mbuzi wa mnada. Tukala ndizi na maharage. Tata alikula sahani mbili na kunywa chai vikombe vitatu, akitutazama mmoja mmoja.

Kisha akashika fremu yake akainuka. Joackim akataka kumsaidia, Tata akamwambia maliza chakula. Akaenda korido, ko, ko, ko. Mlango ukafungwa. Sisi mezani tukajidai tuna mazungumzo. Josia, kutoka barazani, alikuwa akieleza bei ya saruji na hakuna aliyekuwa akimsikiliza, hata yeye mwenyewe. Mama alishika ukingo wa meza. Ikapita dakika, zikapita mbili. Maji yakashuka kwa kishindo. Yakaanza kujaa, tukayasikiliza yanavyojaa, na Joackim ameinua kidole kimoja kama mwalimu anayesubiri jibu. Yakakata.

Tata akatokea mlangoni, kichwa juu.

"Mwanza ni kuzuri," akamwambia Joackim. "Msalimie kila mtu."

Joackim akacheka, maana yeye naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu tu kama sisi. Saa tisa aliondoka. Kwenye kiti kilicholazwa, juu ya mito miwili, Mama aliuweka mkungu wa ndizi akaufunga mkanda.

Tulipokuwa tunajiandaa na sisi kurudi Bukoba nilikwenda chumbani kwa wazazi kuchukua koti langu. Mama alikuwa amepiga magoti anavuta begi kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa limejaa, zipu imefungwa. Akaanza kutoa vitu, hakuniona: magauni mawili, rozari, ndala, sweta, vidonge vyake vya presha, akivirudisha kabatini kimoja kimoja. Tata alikuwa amekaa kitandani anamtazama.

"Joviana," akasema, "ulikuwa unakwenda wapi?"

Mama hakugeuka. Alikuwa anakunja sweta.

"Kule walikokuwa wanakupeleka wewe," akasema, akaliweka kabatini.